Uzi: Jinsi video ya kawaida inavyofichua mitetemo ambayo macho hayaioni, na pale inapoweza kutupotosha

#1 Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam. Zipo video ambazo ukizitazama mara ya kwanza unashawishika kusema kwamba zimechezewa. Mtoto mchanga amelala, na kifua chake kinapanda na kushuka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Uso wa mtu mzima aliyetulia unaiva na kufifia kila moyo unapopiga. Kreni ya ujenzi ambayo kila mpita njia angeapa kwamba imesimama tuli inayumba mbele yako. Video hizo ni za kweli, na nyingi zilichukuliwa kwa kamera za kawaida. Kilichoongezwa ni hesabu: programu ya kompyuta inayokuza mabadiliko madogo yaliyomo ndani ya video.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu watu wakizijadili hugawanyika pande mbili: wapo wanaoamini kwamba njia hii inaona kila kitu, na wapo wanaoamini kwamba ni ulaghai wa kompyuta. Hoja yangu ni kwamba njia hii hukuza kile tu ambacho kamera ilikwisha kukirekodi, na kwamba haijui lipi ni la maana na lipi si la maana. Itakuza pumzi ya mtoto, na itakuza vilevile mpepeso wa taa, mtikisiko wa stendi na chenga za kamera yenyewe, yaani vidoa vinavyochezacheza ovyo kwenye picha. Anayejua anatafuta mtetemo wa masafa gani, yaani unaojirudia mara ngapi kwa sekunde, atafaidika nayo. Asiyejua ataona majini.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipopanga kamera zake kando ya njia ya farasi huko Palo Alto, California, na kuonyesha kwamba farasi anayekimbia kuna wakati miguu yake yote minne haigusi ardhi, kikwazo kilikuwa kasi: mwendo ulikuwa mkubwa, ila jicho halikuwahi kuukamata. Mche unaochipua una kikwazo cha kinyume chake, kwani huenda polepole mno. Hapa tunazungumzia kikwazo cha tatu, nacho ni udogo. Ngozi iliyo juu ya mshipa wa shingo huinuka na kushuka kwa mwendo ambao jicho lingeufuata bila taabu, lakini umbali inaokwenda ni mdogo kiasi kwamba kwenye picha mara nyingi haufiki hata upana wa pikseli moja, yaani nukta moja kati ya zile zinazoiunda picha.

Kazi ya kwanza ya kundi la chuo cha MIT nchini Marekani kuhusu jambo hili ilichapishwa mwaka 2005 na Ce Liu, Antonio Torralba, William Freeman, Frédo Durand na Edward Adelson. Programu yao ilichagua alama kwenye picha, ikazifuatilia fremu kwa fremu, ikazipanga katika matabaka zile zinazokwenda pamoja, kisha ikayasogeza matabaka hayo kwa umbali uliozidishwa. Ilifanya kazi, ila hesabu zake zilikuwa nzito, na tabaka likisogezwa huacha nyuma yake pengo ambalo halina budi kujazwa kwa kukisia. Mwaka 2012 Hao-Yu Wu, Michael Rubinstein, Eugene Shih, John Guttag, Durand na Freeman waliacha kabisa kufuatilia. Anayetaka kujua mwendo wa mto anaweza kupanda mtumbwi na kwenda na maji, au anaweza kusimama ukingoni na kuangalia maji yanavyobadilika mbele yake. Wao walisimama ukingoni. Kila pikseli hubaki mahali pake, na kinachoangaliwa ni jinsi mwanga wake unavyopanda na kushuka kadiri muda unavyopita.

Bila shaka mtu atauliza: mwendo usiofika pikseli moja utajulikanaje? Fikiria mpaka baina ya kitu cheupe na kitu cheusi. Pikseli iliyokaa juu ya mpaka huo hupokea mwanga wa pande zote mbili, kwa hiyo thamani yake inategemea ni sehemu gani ya eneo lake imeangukiwa na weupe. Tuseme weupe una thamani ya 220 na weusi 20, katika kipimo kinachoanzia 0 hadi 255. Mpaka ukisogea kwa sehemu moja ya mia ya pikseli, thamani ya pikseli ile itabadilika kwa 2. Jicho haliwezi kutofautisha 120 na 122, lakini namba imebadilika, na programu ikilizidisha badiliko hilo mara 20 na kulirudisha kwenye picha, mpaka utaonekana umesogea kwa zaidi ya sehemu moja ya tano ya pikseli. Na hata badiliko likiwa dogo kuliko hatua moja ya kipimo, bado kuna pa kutokea: pikseli nyingi zinazokwenda pamoja huchukuliwa wastani, na kwa kuwa chenga za pikseli moja hazina uhusiano na za jirani yake, wastani wa pikseli 10,000 hupunguza chenga hizo mara 100.

Hata hivyo, kuzidisha kila badiliko ni kuivuruga picha yote. Kiini cha njia hii ni kuchuja. Katika mfano wao wa uso, watafiti walibakiza mabadiliko yanayojirudia kati ya mara 50 na 60 kwa dakika tu, wakayazidisha mara 100, wakayaacha mengine yalivyo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa gitaa, ambalo lilirekodiwa kwa fremu 600 kwa sekunde. Walipochuja kati ya hezi 72 na 92 (hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde), waya wa E ya chini ulionekana ukicheza peke yake, kwa sababu mtetemo wake ni takriban hezi 82; walipohamia kati ya hezi 100 na 120, ukacheza waya wa A, ambao ni hezi 110. Video ni ileile, gitaa ni lilelile, na nyaya zote mbili zilikuwa zikitetemeka muda wote. Swali walilouliza ndilo lililobadilika.

Njia ya mwaka 2012 ina mipaka yake. Inachukulia kwamba ukali wa mwanga kwenye mpaka wa kitu hupanda kwa mteremko ulionyooka, jambo ambalo ni kweli kwa mwendo mdogo tu. Ukizidisha kupita kiasi, kingo huanza kung'aa na kumeguka, na chenga hukua kwa kiwango kilekile. Mwaka 2013 Neal Wadhwa, Rubinstein, Durand na Freeman walileta njia inayoigawa picha katika mawimbi ya ukubwa na mielekeo mbalimbali, kisha inabadili fezi ya kila wimbi, yaani mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake, badala ya kuongeza ukali wa mwanga. Kubadili fezi ya wimbi ni kulisogeza, kwa hiyo chenga nazo husogezwa badala ya kukuzwa, na mtu anaweza kuzidisha mwendo kwa kiwango kikubwa zaidi kabla picha haijaharibika. Kwa mitetemo ya mashine na majengo, mimi ningeanza moja kwa moja na njia hii ya pili, na ya kwanza ningeiachia kazi ya mabadiliko ya rangi.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mchangiaji

Mkuu, nakushukuru kwa maelezo. Nimeangalia mifano ya nyuso zinazobadilika rangi, na karibu zote ni za Wazungu. Je, njia hiyo inafanya kazi kwa ngozi nyeusi, au ni teknolojia nyingine iliyobuniwa bila sisi kukumbukwa?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, swali lako ni la msingi, na jibu lake halifurahishi lakini linaeleweka. Mwaka 2008 Wim Verkruysse na wenzake walionyesha kwamba kamera ndogo ya dijitali na mwanga wa kawaida wa chumbani vinatosha kupata mapigo ya moyo kutoka usoni, na kwamba ishara yenye nguvu zaidi imo katika rangi ya kijani. Sababu ni kwamba himoglobini ya damu hufyonza sana mwanga wa kijani, kwa hiyo damu inapojaa kwenye vijishipa vya ngozi, mwanga wa kijani unaorudi kwenye kamera hupungua kidogo. Melanini iliyo katika tabaka la juu la ngozi nayo hufyonza mwanga huohuo kabla haujafika kwenye damu na tena unaporudi. Ngozi ikiwa na melanini nyingi, ishara inayobaki ni ndogo ilhali chenga za kamera ni zilezile. Mapigo bado yamo, ila yanahitaji mwanga mwingi zaidi, eneo kubwa zaidi la kuchukulia wastani na muda mrefu zaidi wa kurekodi.

Si suala la kinadharia. Mwishoni mwa mwaka 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo kuhusu kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho nacho hutegemea mwanga unaopita kwenye ngozi. Waligundua kwamba kifaa hicho kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuletea programu ya simu ya kupima moyo kwa kutazama uso, muulize kwanza ilijaribiwa kwa ngozi zipi.

Ipo njia nyingine ambayo naona inatufaa zaidi, nayo haihusiani na rangi hata kidogo. Mwaka 2013 Guha Balakrishnan, Durand na Guttag walipima mapigo ya moyo kwa kutazama kichwa kinavyotikisika. Kila moyo unapopiga, damu husukumwa kwenda kichwani, na kwa kanuni ya Newton ya tendo na mjibizo kichwa chenyewe husogea kidogo sana. Wao hawakuhitaji hata kuona uso: mapigo yalipatikana kutoka kisogoni, na kutoka kwa mtu aliyevaa barakoa. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba mhusika sharti atulie, maana anayezungumza au kugeuka huzalisha mwendo mkubwa unaoumeza ule mdogo.

#4 Mchangiaji

Nimesikia kwamba wanaweza kusikiliza mazungumzo kupitia mfuko wa chipsi bila kutega kinasa sauti. Kama ni kweli, basi hakuna siri tena. Pia kuna watu wanasema polisi wanaweza kutumia video hizi kumjua mwongo kwa mapigo yake ya moyo.

#5 Mwanzisha uzi

La mfuko ni kweli, ila masharti yake huachwa kando habari inaposimuliwa. Mwaka 2014 Abe Davis na wenzake waliupiga video mfuko wa chipsi kupitia kioo kisichopitisha sauti, kutoka umbali wa futi 15, ambazo ni karibu mita nne na nusu, na wakapata maneno yanayoeleweka. Sauti ni mabadiliko ya shinikizo la hewa, na kitu chepesi chenye uso mpana husukumwa na kuvutwa nayo. Mwendo waliopima ulikuwa wa takriban sehemu moja ya kumi ya mikromita. Lakini kamera walizotumia kwa matokeo mazuri zilikuwa za kasi, kati ya fremu 2,000 na 6,000 kwa sekunde, kwa sababu huwezi kupata mtetemo wowote kwa uhakika ikiwa idadi ya fremu kwa sekunde haizidi mara mbili ya masafa ya mtetemo huo. Kamera ya fremu 60 kwa kawaida inaishia chini ya hezi 30, na sauti ya mwanadamu huanza juu zaidi ya hapo.

Walikuwa na ujanja mmoja wa kuvuka kikwazo hicho. Kamera nyingi za kawaida hazisomi fremu nzima kwa mkupuo, bali mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kila mstari ni picha ya wakati wake. Kasoro hiyo, ambayo wapiga picha huilaani kwa kupinda panga za helikopta, iliwapa vipimo vingi ndani ya fremu moja, na kwa kamera ya fremu 60 wakapata sauti hafifu, ambayo waliona huenda ikatosha kubaini kama msemaji ni mwanamume au mwanamke. Kutoka hapo hadi kukusikiliza nyumbani kwako kwa simu ya mtaani ni mbali.

Kuhusu uongo, nipo kinyume kabisa na hao wanaosema hivyo. Video inaweza kukupa mapigo ya moyo. Haiwezi kukupa sababu yake. Moyo huenda mbio kwa hofu, kwa kahawa, kwa ngazi, na kwa kukalishwa mbele ya askari hata kama huna hatia. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipochunguza mashine za kupimia uongo mwaka 2003, lilihitimisha kwamba ushahidi wa kisayansi unaoziunga mkono ni dhaifu, na hizo ni mashine zinazomgusa mtu na kumpima vizuri zaidi ya kamera.

#6 Mchangiaji

Mimi nimejaribu kwa simu yangu, nikatumia msimbo niliouandika kwa lugha ya Python. Niliirekodi sebule usiku, na nilipokuza, kuta zote zilianza kuwaka na kuzimika, na picha iliyotundikwa ukutani ikawa inapumua. Je, nyumba inatetemeka kiasi hicho?

#7 Mwanzisha uzi

Nyumba yako ni salama, mkuu. Hizo ni taa. Umeme wetu Tanzania, kama ulivyo Kenya, ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Simu yako ikirekodi fremu 30 kwa sekunde, haiwezi kuuona mpepeso wa hezi 100 kama ulivyo, bali huuona kama kitu kinachojirudia kwa hezi 10, ambayo ni tofauti kati ya 100 na 90. Ukirekodi fremu 24, utaona hezi 4. Ukirekodi fremu 25 au 50, mpepeso huangukia sifuri na karibu unatoweka. Nasema karibu kwa sababu masafa ya gridi hayakai kwenye 50 kamili, na yakifika 50.1 utabaki na wimbi la pole la hezi 0.2, ambalo ukilikuza litafanana sana na kupumua. Nadhani picha yako ya ukutani imepatwa na kitu cha aina hiyo.

Tiba ya kwanza ni kurekodi mchana kwa mwanga wa jua. Ikishindikana, weka muda wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, kuwa 1/50 au 1/100 ya sekunde, ili kila fremu ikusanye mpepeso mzima bila kuukata katikati. Kisha zima kila kitu ambacho simu hujifanyia yenyewe: kurekebisha mwangaza, kutafuta fokasi, na hasa kutuliza picha, kwa sababu kituliza picha husogeza fremu kwa makusudi, na msimbo wako utaukuza usogezaji huo kana kwamba dunia ndiyo inayosogea. Tumia pia faili la asili lililo kwenye simu. Video iliyopitia kwenye mtandao wa kutumiana ujumbe imekwisha kubanwa, na kinachotupwa kwanza katika kubanwa ni yale mabadiliko madogo ambayo jicho haliyaoni, yaani bidhaa yenyewe unayoitafuta.

Halafu weka ndani ya picha kitu ambacho una hakika hakitetemeki. Kikitetemeka nacho baada ya kukuza, usiamini kingine chochote katika video hiyo. Watafiti wenyewe walilichukulia jambo hili kwa uzito: mwaka 2017 kundi la MIT lilipochapisha kazi yake katika jarida la Proceedings of the National Academy of Sciences, ikiwa na mifano ya utando wa sikio la ndani na daraja linaloinuliwa, liliambatanisha njia ya kukadiria ni kiasi gani cha mwendo unaoonekana kingetokea kwa sababu ya chenga peke yake. Bila makadirio hayo, video iliyokuzwa ni kielelezo kizuri lakini si kipimo.

#8 Mchangiaji

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Tuna mota ya nguzo nne za sumaku kwenye umeme wa hezi 50, na msingi wake naushuku. Kifaa cha kupima mtetemo tunacho kimoja tu, na kukibandika kila mahali huchukua siku nzima. Je, simu inaweza kunisaidia, au nitapoteza muda?

#9 Mwanzisha uzi

Mkuu, hapa ndipo njia hii inapostahili sifa zake. Mota ya nguzo nne kwenye hezi 50 ikibeba mzigo huzunguka takriban mara 1,450 kwa dakika, ambayo ni hezi 24.2. Ukiirekodi kwa fremu 30 utadanganywa, kwa kuwa mtetemo huo utajitokeza kama hezi 5.8 na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Fremu 60 zinatosha kwa mzunguko wenyewe. Hata hivyo nakushauri utumie 120 au 240 ikiwa simu yako inaweza, kwa sababu shafti zisizonyooka pamoja mara nyingi hutoa pia mtetemo wa mara mbili ya mzunguko, yaani karibu hezi 48, nao utauona tu ukiwa na fremu zaidi ya 97 kwa sekunde.

Simamisha simu kwenye stendi iliyo juu ya sakafu isiyoungana na msingi wa mota. Usipoizingatia hiyo, simu itatetemeka pamoja na mota, na mota itaonekana imetulia huku ukuta ukicheza. Ingiza ndani ya picha miguu yote inayoonekana kutoka upande mmoja, bolti zake, kitako cha chuma na zege lililo chini yake, kisha chuja kati ya hezi 23 na 25. Usiangalie ni kitu gani kinatetemeka, kwani vyote vitatetemeka. Angalia mahali ambapo vitu viwili vilivyofungwa pamoja vinakwenda tofauti. Mguu ukiinuka ilhali kitako hakiinuki, bolti imelegea au mguu haukukaa sawasawa. Mguu na kitako vikiinuka pamoja na zege likabaki, tatizo liko kwenye bolti za msingi au kwenye saruji iliyo chini ya kitako.

Kifaa chako usikiweke kando. Video ikuonyeshe pa kukibandika, nacho kikupe namba ya kuandika kwenye ripoti.

#10 Mchangiaji (#8)

Nimekuelewa. Swali la mwisho: nikishakaza bolti, nitajuaje kwamba nimetibu na si kwamba nimeificha tu?

#11 Mwanzisha uzi

Usianze kwa kukaza. Zima mota, funga swichi kuu na uweke kufuli, kisha legeza bolti ya mguu unaoushuku na upime pengo lililo chini yake. Likiwepo, lijaze kwa vibati vya unene unaolingana nalo ndipo ukaze, kwa sababu kukaza bila kujaza hupinda fremu ya mota, na mtetemo hutoka kwenye mguu ukahamia kwenye beringi. Baada ya hapo rekodi video ya pili stendi ikiwa palepale, pampu ikiwa na mzigo uleule, na ukuzaji ukiwa wa kiwango kilekile. Ukibadilisha kimojawapo, video mbili hizo hazilinganishiki. Mguu ukiwa umetulia lakini sehemu ya beringi upande wa kapulingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu) bado inacheza kwenye hezi 24, kagua kama uzito wa rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, umesawazika. Ikicheza kwenye hezi 48, anza na unyofu wa shafti mbili.